Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Kuongeza Matundu ya USB

Kompyuta nyingi za mezani za mtumba zinazoingia kutoka Uingereza na Dubai bado zina nguvu ya kutosha kwa kazi za ofisi, ila zinakosa mahali pa kuchomeka vitu. Mwezi huu safu tumeiachia barua zinazohusu kadi za kuongeza matundu ya USB, tangu kuchagua dukani mpaka kadi inapogoma ikiwa tayari imefungwa.

Matundu mawili, manne au saba?

*Nina steshenari na ninatumia Dell OptiPlex 790, ile nyembamba. Matundu yake yote ni USB 2.0, na wateja wakija na diski za nje kunakili kunaweka watu foleni. Dukani nimeonyeshwa kadi tatu: ya matundu mawili, ya manne na ya saba. Bei ya ile ya saba haiko mbali na ya manne. Nichukue ipi? (Mwenye steshenari, Morogoro)*

Chukua ya manne, lakini idadi ya matundu isiwe ndiyo iliyokufanya uichague, wala kasi iliyochapwa kwenye boksi. Tazama mambo mawili: jina la chipu, na namna kadi inavyopata umeme. Kadi mbili zinazofanana kila kitu kwa nje zinaweza kutofautiana hapo, na moja ikakaa miaka bila kelele huku nyingine ikikata kila siku.

Kwanza tuseme kwa nini kompyuta yako haina USB 3. OptiPlex 790 ni ya mwaka 2011, na chipu za Intel za kizazi hicho hazikuwa na USB 3 ndani yake. Zilizofuata mwaka 2012, kama zilizo kwenye OptiPlex 7010, ndizo zilizokuja nayo. Kwa hiyo wewe kadi itakusaidia kweli. USB 2.0 kwa vitendo haivuki sana megabaiti 35 kwa sekunde, na kazi ya gigabaiti 50 inakula dakika 24 hivi. Diski ya nje ya kawaida, ile ya kuzunguka, ikiwa kwenye USB 3 inakwenda karibu megabaiti 100 kwa sekunde, na kazi ileile inaisha kwa dakika 8 au 9.

Sasa ile ya matundu saba. Kadi ndogo za namna hii zinaingia kwenye sloti ya PCI Express, yaani mpasuo wa kuchomekea kadi kwenye ubao mama, ya njia moja, inayoandikwa x1. Kwenye kompyuta yako njia hiyo ni ya toleo la pili na inabeba megabaiti 500 kwa sekunde kinadharia, yaani takriban 400 kwa kazi halisi. Matundu yote yanagawana hizo. Isitoshe, chipu za kawaida zinaishia matundu manne, kwa hiyo mtengenezaji akitaka saba anabandika habu, yaani kigawanya tundu moja kuwa mengi, ndani ya kadi. Unakuwa umelipia kadi na habu vikiwa vimeunganishwa pamoja, na habu ikiharibika huwezi kuitoa peke yake. Ukihitaji matundu zaidi kwa ajili ya printa, skana na kibodi, hivyo vinatosheka kabisa na USB 2.0 uliyo nayo. Kadi iachie diski.

Chipu ndiyo ile ya mraba, nyeusi, kubwa kuliko zote kwenye kadi. Washa tochi ya simu, ilaze ubavuni ili mwanga upige kwa pembe, na maandishi yatasomeka. Majina ya kutafuta ni haya: Renesas D720201 ya matundu manne au D720202 ya matundu mawili, Fresco Logic FL1100, VIA VL805, ambayo ndiyo iliyowekwa kwenye Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019, na ASMedia ASM1042A au ASM3142. Kwa matumizi yako sisi tungeanza na Renesas, kisha FL1100. Etron EJ168 iache, kwa sababu ina kasoro za kuamka kompyuta inapotoka usingizini, kiasi kwamba mfumo endeshi wa Linux umewekewa utaratibu maalumu wa kuianzisha upya kila mara. Chipu iliyokwanguliwa jina au iliyofunikwa stika, rudisha kadi kwa muuzaji bila mjadala.

Ukipata Renesas, chunguza pia jirani yake. Panatakiwa kuwa na chipu ndogo ya miguu minane, minne kila upande. Humo ndimo inamokaa programu inayoiamsha chipu kubwa. Watengenezaji wengine huiacha ili kupunguza gharama, na hapo kadi inategemea draiva ya Renesas, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, ipakie programu hiyo kila kompyuta inapowashwa. Ndiyo maana utasikia kadi inafanya kazi kwenye mashine moja na kugoma kwenye nyingine.

Kompyuta yako ni nyembamba, kwa hiyo uliza kipande cha bati kifupi, kile kinachoikaza kadi kwenye keisi. Bati la kawaida lina urefu wa sentimita 12 na halitaingia. Fupi ni sentimita 8. Kadi nzuri huja na yote mawili ndani ya boksi, na kubadilisha ni skrubu mbili tu. Hakikisha boksi halijafunguliwa likatolewa lile fupi, jambo linalotokea sana.

Kufunga: zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha keisi kabla ya kushika kadi. Kadi ya x1 inaingia pia kwenye sloti ndefu za x4 na x16, kwa hiyo usihangaike kama sloti fupi haipo. Isukume kwa vidole viwili sawasawa mpaka meno yote ya dhahabu yazame. Kosa kubwa huja mwishoni, unapokaza skrubu ya bati: bati likiwa limepinda kidogo, skrubu inavuta ncha ya nyuma ya kadi ikanyanyuka kutoka kwenye sloti. Kaza, kisha inama utazame upya kutoka ubavuni. Kadi iliyonyanyuka milimita moja inaweza kuonekana leo na kupotea kesho.

Diski inabofya na kuzima

*Kadi yangu ina matundu manne na kiunganishi cha umeme kwa nyuma. Muuzaji aliniambia hakina lazima. Flashi zinasoma vizuri, lakini diski ya nje inabofya "tik, tik" kisha inapotea. Je, diski imekufa? (Msomaji, Nakuru)*

Huenda diski ni nzima na inalia njaa ya umeme. Ichomeke kwenye tundu la nyuma la kompyuta yenyewe. Ikisoma bila kubofya, tatizo liko kwenye kadi.

Sloti ya PCI Express haina volti 5, na matundu haya ya USB yanatoa volti 5. Sloti inatoa volti 12 na volti 3.3. Kwenye sloti ya x1, volti 12 zinakuja na nusu ampea, yaani wati 6, na zikibadilishwa kuwa volti 5 unabaki na ampea 1 hivi kwa kadi nzima. Tundu moja la USB 3 linaruhusiwa kutoa miliampea 900. Matundu manne yakidai haki yao kwa pamoja ni ampea 3.6, au wati 18. Flashi inatumia kidogo, ndiyo maana haijalalamika. Diski ya kuzunguka inapoanza kuzungusha sahani zake inadai karibu ampea nzima kwa sekunde chache, volti inaporomoka, diski inazima, inajaribu tena. Huko ndiko kubofya kunakotoka. Ukiiacha iendelee hivyo wakati inaandika, unaweza kupoteza mafaili.

Kwa hiyo kiunganishi kile kina lazima. Kiunganishe na waya wa pawasaplai (boksi la umeme la kompyuta) wa aina ya SATA, ule bapa wa miguu 15 unaotumika kwenye diski za ndani, au Molex yenye miguu minne mikubwa, kutegemea kadi yako. Waya wa SATA una miguu mitatu ya volti 5, kila mmoja ukibeba ampea 1.5, kwa hiyo ampea 4.5 zinapatikana na kadi inashiba.

Tahadhari moja tunaiandika kwa uzito. Kama kompyuta yako ina Molex na kadi inataka SATA, usitumie adapta ya Molex kwenda SATA ambayo kichwa chake kimemiminwa plastiki moja ngumu. Ndani ya plastiki hiyo nyaya zinaweza kukaa karibu mno, joto likaziyeyusha, zikagusana, na adapta za namna hiyo zimeshawaka moto. Chukua ile ambayo kichwa chake kina kifuniko kinachofunguka na nyaya zimebanwa moja moja. Kwa wenye HP EliteDesk 800 G1 nyembamba: umeme wa SATA wa mashine hiyo unatoka kwenye ubao mama, si moja kwa moja kwenye pawasaplai. Usirundike mizigo hapo; kadi moja ya matundu mawili inatosha.

Ukitaka kuhakikisha, nunua kipima USB, kile kidogo chenye kioo kinachokaa katikati ya tundu na kifaa. Chomeka diski, anza kunakili faili kubwa, soma volti. Ikikaa juu ya 4.75 uko salama. Ikishuka chini ya hapo wakati diski inaandika, tafuta umeme zaidi au ondoa kifaa kimoja. Tazama pia nyuma ya kila tundu: panatakiwa kuwa na fyuzi yake, kijiwe kidogo bapa chenye rangi ya kijani au nyeusi. Kadi yenye fyuzi moja kwa matundu yote, shoti ya kifaa kimoja inazima vyote.

Kamera tatu kanisani

*Bwana Yesu asifiwe. Tunarusha ibada mubashara kwa programu ya OBS tukitumia vifaa vitatu vya kunasa HDMI vya USB. Cha kwanza na cha pili vinaonyesha picha, cha tatu kinabaki cheusi. Tumenunua kadi ya USB 3 ya matundu manne, hali ni ileile. (Idara ya habari, Mwanza)*

Video ni mzigo wa aina yake. Flashi ikikosa nafasi inasubiri. Kifaa cha kunasa picha hakisubiri, kinajiwekea nafasi yake mapema kwenye njia ya USB, na nafasi ikiisha kinachofuata kinakataliwa. Hapo ndipo mnapopata weusi.

Angalieni kwanza vifaa vyenyewe ni vya USB ya ngapi. Vile vya bei nafuu vingi ni USB 2.0 ndani, hata kama plagi imepakwa buluu. Chunguzeni ndani ya plagi: USB 3 ina miguu tisa, minne mbele na mitano midogo kwa ndani, USB 2.0 ina minne tu. Kama ni ya minne, kadi yenu ya USB 3 haisaidii kitu, kwa sababu kwenye kadi nyingi vifaa vyote vya USB 2.0 vinagawana njia moja ya megabiti 480, haijalishi viko tundu gani. Dawa ni kuvitawanya: kimoja kwenye kadi, viwili kwenye matundu ya ubao mama yaliyo chini ya kontrola (chipu inayosimamia matundu) tofauti. Kwenye OptiPlex na HP za zama hizo kuna kontrola mbili za USB 2.0. Chomekeni kimoja mbele na kimoja nyuma, na vikigoma jaribuni tundu jingine la nyuma.

Kama ni USB 3 kweli, pigeni hesabu. Picha ya 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde, isiyobanwa, ya muundo unaoitwa YUY2, inataka megabaiti 124 kwa sekunde. Tatu ni 373, na hiyo ni karibu na ukomo wa sloti ya x1 ya toleo la pili. Kwa fremu 60 kifaa kimoja tu kinakula 249, na viwili havipiti. Kwenye kompyuta ya zamani zaidi kama OptiPlex 780, sloti ndogo ni ya toleo la kwanza yenye megabaiti 250 kinadharia. Hapo hata viwili vya fremu 30 vitabanana.

Njia ya haraka isiyo na gharama: ndani ya OBS, fungua mipangilio ya kila kamera na ubadilishe muundo wa video kutoka YUY2 kwenda MJPEG, muundo uliobanwa. Kifaa kitabana picha chenyewe kabla ya kuituma, na mzigo utashuka mara kadhaa. Ubora unapungua kidogo kwenye rangi nyekundu na maandishi madogo, ila kwa ibada watazamaji hawataona.

Njia ya kudumu ni kadi yenye kontrola nne zinazojitegemea, kila tundu na chipu yake. StarTech wanatengeneza moja ya aina hiyo yenye chipu nne za Renesas, na inahitaji sloti ya x4 au ndefu zaidi. Ni ghali kuliko kadi ya kawaida mara kadhaa. Kabla ya kuinunua, jaribuni kadi mbili za kawaida kwenye sloti mbili. Kwa kamera tatu hiyo inatosha.

Inakatika baada ya dakika kadhaa

*Maabara ya shule ina kompyuta zenye Windows 10 na nyingine Ubuntu. Kadi za USB zinafanya kazi zikiwashwa, kisha vifaa vinapotea vikikaa bila kuguswa. (Mwalimu wa TEHAMA, Tanga)*

Mwalimu, kinachopotea kikiwa kimetulia na kurudi kikichomolewa na kuchomekwa upya, mara nyingi kimelazwa usingizi na mfumo na hakikuamka. Kwenye Windows fanya hivi: fungua Device Manager, kwenye kundi la Universal Serial Bus controllers bofya mara mbili kila USB Root Hub, ingia Power Management, ondoa alama inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kuokoa umeme. Kisha fungua mipangilio ya kina ya umeme kwenye Control Panel: PCI Express, Link State Power Management, weka Off, na USB selective suspend, weka Disabled. Anzisha upya. Katika mabadiliko yote haya, lile la PCI Express ndilo linalosaidia zaidi kwa kadi za kuongezea, na ndilo watu wengi hawalifikii.

Draiva: tangu Windows 8 mfumo una draiva yake ya USB 3, kwa hiyo usipakue mafaili ya tovuti usizozijua. Windows 7 ndiyo inayohitaji draiva ya mwenye chipu.

Kwenye Ubuntu fungua Terminal, andika `lspci -nn` na utafute mstari wa USB. 1912:0014 ni Renesas ya matundu manne, 1b73:1100 ni FL1100, 1106:3483 ni VL805. Kwa njia hii unajua chipu bila kufungua keisi. Kisha `lsusb -t`: kifaa cha USB 3 kionyeshe 5000M. Kikionyesha 480M, plagi haijazama vizuri au kebo ni ya USB 2.0. Kama ni Renesas na amri ya `dmesg` inaonyesha malalamiko kuhusu faili la renesas_usb_fw.mem halafu kadi haionekani, kadi hiyo haina ile chipu ya miguu minane tuliyoieleza juu. Irudishe ibadilishwe.

Kibodi haifanyi kazi kwenye BIOS

*Nikichomeka kibodi kwenye kadi siwezi kuingia BIOS, na kompyuta haiwaki kwa flashi iliyo kwenye kadi. (Fundi chipukizi, Kigoma)*

Kadi haina ubaya. BIOS, yaani programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, ikiwa ya zamani haiijui USB 3 ya kadi ya kuongezea. Kadi inaamka pale tu Windows au Linux inapopakia draiva. Kibodi na flashi ya kuwekea mfumo vikae kwenye matundu ya kompyuta yenyewe.

Maus isiyo na waya inarukaruka

*Tangu nifunge kadi, maus yangu isiyo na waya inakwamakwama diski ikiwa inanakili. (Msomaji, Mombasa)*

USB 3 inapofanya kazi inatoa kelele ya redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na humohumo ndimo maus yako inamozungumza. Intel ilieleza jambo hili kwa kina mwaka 2012. Kebo isiyo na kinga nzuri huzidisha. Hamisha kipokezi cha maus kwenye tundu la mbele, au kitoe nje kwa waya wa kurefusha wa USB 2.0 wa nusu mita, mbali na diski.

Tundu moja la buluu, kimya kabisa

*Nimeagiza mtandaoni kadi ndogo ya x1 yenye tundu moja la buluu, bei ya kutupa. Nimeifunga, nikichomeka flashi haionyeshi chochote. Kwenye Device Manager hata kadi yenyewe haipo. (Msomaji, Kampala)*

Ichomoe flashi sasa hivi. Ulichonunua si kadi ya USB, ni kipande cha vifaa vya wachimbaji wa sarafu za kidijitali, kinachotumika kuunganisha kadi ya picha iliyo mbali na ubao mama. Wanatumia tundu na kebo za USB 3 kwa sababu ni rahisi kupatikana, lakini ndani yake zinapita ishara za PCI Express, na kifaa cha USB kikichomekwa humo kinaweza kuungua. Utakitambua kwa kuwa hakina chipu yoyote ya mraba: njia za shaba zinatoka kwenye meno ya dhahabu moja kwa moja hadi kwenye tundu. Omba urudishiwe fedha, na flashi ijaribu kwenye kompyuta nyingine isiyo na kazi muhimu kabla ya kuirudishia mafaili yako.